Wale wa Mwambani si Yavuyavu

Mkumbara, Korogwe
Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Huku ni joto tu. Kaskazi ya mwaka huu imetufikia mpaka bondeni, vumbi la barabara kuu linaingia hadi kwenye sufuria, na malori ya Arusha hayalali.

Picha zako nimeziona na sauti yako nimeisikiliza, tena mbele ya wazee wenzangu hapa kijiweni. Walicheka sana uliposema darasa zima lilikanyaga “vioo vinavyoteleza” pale ufukweni Mwambani, huko Tanga, na kwamba mliambiwa ni vitoto vya yavuyavu. Ningeweza kukujibu kwa meseji ya maneno mawili, lakini maneno mawili ndiyo yaliyowafanya muondoke ufukweni mkidhani mmeshajua mlichokiona. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Tafuta kivuli usome.

Angalia tena ile picha ya tatu, uliyomweka mmoja kiganjani. Yavuyavu ana mdomo mmoja tu, na chakula kinapoingilia ndipo taka zinapotokea. Huyu wako ni pipa lisilo na kifuniko wala kitako, ana tundu mbele na tundu nyuma. Ukikuza picha utaona mistari myeupe imezunguka mwili, kama sita hivi au zaidi. Hiyo ni misuli. Upande mmoja kuna kitone cha kahawia, kama punje ya ulezi, na hilo ndilo tumbo lake, kitu pekee mwilini mwake ambacho hakikukubali kuwa kioo. Tena ulisema hakuwasha. Yavuyavu wengi wangekuwasha, au angalau ungesikia mkono unatekenyeka. Hao ni salpa, mpwa wangu, nao wako katika kundi la tunikata. Wengi wa kundi hilo huganda mahali pamoja maisha yao yote, kwenye nguzo za magati na matumbo ya majahazi, lakini wachache wameamua kuishi wakielea na kuogelea katikati ya maji. Hao wachache ndio nilioishi nao.

Unajua nilikaa Unguja miaka mingi nikitazama maji ya bahari kwa hadubini, kazi ambayo bibi yako mpaka anafariki hakuelewa kwa nini mtu analipwa mshahara kwa ajili yake. Tulikuwa tunavuta wavu wa planktoni, wavu wa kitambaa laini wenye umbo la faneli na chupa mwishoni, kisha tunahesabu kilichoingia, mmoja mmoja. Planktoni si jina la mnyama wala mmea mmoja. Ni vyote vinavyochukuliwa na maji bila uwezo wa kushindana na mkondo, kuanzia chembe za kijani zisizoonekana kwa macho hadi yavuyavu mwenye ukubwa wa sinia. Salpa anaogelea, ndiyo, lakini mkondo ukiamua kumpeleka Mombasa, Mombasa atafika.

Sasa shika hili, maana ndilo litakalowashangaza wenzako darasani. Huyo uliyemweka kiganjani ni ndugu yako wa karibu kuliko kamba, ngisi, kaa, nyuki na wadudu wote unaowajua. Mwaka 1866 Mrusi mmoja, Alexander Kowalevsky, alichunguza vitoto vya tunikata wale wa kuganda, akaona vina mkia, na ndani ya mkia mna notokodi, ule mhimili uliousoma kwenye kundi la Kodata, na juu yake uzi wa neva. Mpaka hapo watu walikuwa wanawaweka pamoja na konokono na chaza. Mwaka 2006 vinasaba vilipolinganishwa kwa wingi, ikaonekana tunikata ndio jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wote wenye uti wa mgongo, samaki, vyura, ng'ombe na sisi tukiwemo. Huko Tanga mna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009, na kila mgeni anaambiwa habari za yule samaki wa kale aliyekuwa akinaswa kwenye jarife. Sina ugomvi na silikanti. Ila huyu mwingine mnamkanyaga kwa viatu vya shule, na hajawekewa hata kibao.

Undugu huo unaweza kuugusa shingoni mwako. Chini ya koo la salpa kuna mfereji mwembamba uitwao endostaili. Kazi yake ni kutengeneza kamasi usiku na mchana, na kamasi hiyo hutandazwa ndani ya pipa ikawa wavu mwembamba mno. Misuli inabana, maji yanatoka nyuma, mnyama anasogea mbele. Misuli inalegea, maji mapya yanaingia mdomoni na kupita kwenye wavu. Kuogelea kwake, kupumua kwake na kula kwake ni tendo hilohilo moja. Wavu ukijaa, anaukunja na kuumeza pamoja na kilichonasa, huku mwingine ukiendelea kufumwa. Mvuvi gani wa Kigombe anakula wavu wake na samaki wake kila siku na bado ana wavu? Sasa, endostaili hiyo hukusanya madini joto kutoka kwenye maji. Kwa samaki mmoja wa kale aitwaye lamprei, mtoto ana endostaili ya kamasi, na akikua endostaili hiyohiyo inageuka kuwa tezi ya shingo. Tezi ile ile ambayo kwa wazee wetu wa milimani ilivimba ikawa rovu, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea madukani. Mimi nilipolijua hilo nilikuwa mtu mzima na ajira yangu, na nilisimama kwenye dirisha la maabara nikijishika shingo kama mgonjwa.

Na kuna undugu mwingine, huu si wa damu. Kutoka mlangoni kwangu naona mistari ya mkonge hadi chini ya mlima. Mkonge wenyewe ni mgeni. Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu katika elfu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hapo yakaja mashamba yote haya, vibarua manamba, mashine za korona na reli kuwa na mzigo wa kubeba. Kinachobaki jani la mkonge likipita kwenye korona, zile nyuzi nyeupe za katani, sehemu kubwa ni selulosi. Selulosi ni mali ya mimea. Mnyama wa kawaida haitengenezi. Ng'ombe anaila, mchwa anaila, lakini kuitengeneza hawawezi. Tunikata wanaweza, na katika ulimwengu wote wa wanyama ni wao peke yao. Imejulikana tangu 1845 kwamba ile ngozi ya nje ya tunikata, lile vazi lao, ina selulosi. Baadaye vinasaba vikaonyesha kuwa babu yao wa zamani sana aliipata jeni ya kazi hiyo kutoka kwa bakteria. Kwa hiyo ile ngozi ya kioo iliyoteleza kiganjani mwako ina nyuzi za jamii moja na kamba ya kufungia mbuzi wa babu yako. Mwambie mwalimu wako wa baiolojia, umwangalie usoni.

Moyo wao pia una vituko. Unasukuma damu upande mmoja kwa muda, unasimama kidogo, kisha unasukuma upande wa pili. Ukiwa na salpa hai kwenye glasi na mwanga mzuri unauona mwenyewe, na mtu akishauona mara ya kwanza hamalizi chai yake.

Uliniuliza kwa nini wengine walikuwa mmojammoja na wengine wameungana kama ushanga. Swali hilo liliwatesa wataalamu miaka mingi, na aliyelijibu alikuwa mshairi. Adelbert von Chamisso, Mfaransa wa kuzaliwa aliyeandika kwa Kijerumani, alipanda meli ya Kirusi iliyoitwa Rurik, ikazunguka dunia kati ya 1815 na 1818. Baharini akagundua kwamba salpa wa peke yake na salpa wa mnyororo, waliokuwa wamepewa majina kama aina mbili tofauti, ni mama na mtoto. Salpa wa peke yake hana dume wala jike. Anachipua mnyororo wa watoto kutoka mwilini mwake, wote nakala yake, kama mkonge unavyotoa vichipukizi. Kila mmoja katika mnyororo huanza maisha akiwa jike, na kwa kawaida hubeba mimba moja tu, mtoto akilishwa kupitia kondo. Akishazaa, huyo mama anageuka dume na kwenda kupandisha mabinti wa minyororo midogo. Na mtoto anayezaliwa ni wa peke yake, kama bibi. Yaani binti hafanani na mama, anafanana na bibi yake, nawe uliyepewa jina la bibi hutashangaa sana. Chamisso aliyachapisha hayo Berlin mwaka 1819, na wakubwa wa elimu wengi wakasema mshairi amepotea njia. Ilibidi ifike miaka ya 1840 ndipo wakanyamaza.

Faida ya mpango huo ni mbio. Salpa mmoja wa peke yake akipata chakula hahitaji kutafuta mwenza, anamwaga mnyororo tu. Yule mdogo aitwaye Thalia democratica, anayepatikana pia katika bahari yetu, amepimwa akiongeza hadi sehemu moja ya kumi ya urefu wake kwa saa moja. Kwa saa, sikusema kwa siku. Ndiyo maana leo hayupo, wiki ijayo maji yamegeuka uji. Mwezi Aprili 2012 salpa waliziba machujio ya maji ya kituo cha umeme wa nyuklia cha Diablo Canyon huko California, na mtambo mmoja ukabidi uzimwe. Na mlichokikanyaga nyinyi ni mabaki ya sherehe ya namna hiyo, upepo umeyasukuma pwani.

Nije kwenye kazi yao, maana uliniuliza kwa sauti ya dharau kidogo: “Mjomba, vina faida gani?”

Maji ya Mkondo wa Pemba unayajua yalivyo, ya buluu mpaka yanauma macho. Watalii wanayapenda. Mtu wa planktoni akiona buluu ile anajua ni maji maskini, yana mbolea kidogo, na katika maji maskini chembe za kijani zinazoshika jua ni ndogo mno. Ipo moja iitwayo Prochlorococcus, iliyogunduliwa miaka ya 1980 tu ingawa imejaa bahari zote za joto. Ukizipanga elfu moja kwenye mstari hazifiki milimita moja. Kopepoda, wale wadudu wa bahari mfano wa kamba wadogo ambao ndio wengi katika kila wavu wa planktoni, hawana namna ya kushika kitu kidogo hivyo kwa miguu yao. Chakula kipo tele lakini ni vumbi. Wavu wa kamasi unalikamata vumbi hilo. Kwa hiyo salpa na jamaa zake wanaruka ngazi kadhaa za mlolongo wa chakula. Wanachukua kilicho kidogo kabisa baharini na kukifanya nyama ya mnyama wa sentimita kadhaa, kwa mdomo mmoja.

Na wanachokitoa nyuma kina thamani kuliko wao wenyewe. Kinyesi cha kopepoda ni kijiti chepesi, kinashuka polepole na kingi huliwa njiani. Cha salpa ni kizito na kimebanwa. Waliopima wameona kikishuka mita 1,000 kwa siku, na kuna vipimo vilivyozidi 2,000. Wewe hukuiona ile kamba ya chuma ya Wajerumani, hata mimi nimezikuta habari zake tu kwa wazee. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wakikata mbao juu Shume, wakiziteremsha kwa kamba, zikining'inia juu ya mabonde, mpaka stesheni yetu hapa Mkumbara. Kutoka Shume hadi hapa ni zaidi ya kilomita moja ya kuteremka wima. Mzigo wa salpa hushuka kimo kama hicho kwa siku moja na kitu, bila kamba wala nguzo, na ndani yake mna kaboni ambayo chembe za kijani ziliivuta kutoka hewani. Ikifika kilindini hairudi hewani kwa miongo mingi, pengine karne.

Lakini usiwe mwepesi wa kushangilia. Hapo kina kinahusika. Mlango wa Unguja, sehemu nyingi una mita 40 hivi. Mzigo ukidondoka pale unafika sakafuni kama baada ya saa moja, kaa na majongoo wanaula, na kaboni inarudi majini muda si mrefu. Upande wa Mkondo wa Pemba, wenye mamia ya mita, hesabu ni nyingine. Vilevile salpa wanakuja kwa vipindi, mwezi huu mamilioni na mwezi ujao hata mmoja, na anayejumlisha kwa kutumia ile siku moja ya sherehe atakudanganya. Waliwahi kutokea watu Ulaya na Marekani wakipendekeza salpa wachochewe wazaane ili wapunguze joto la dunia. Mimi ningewapeleka kwanza wakae kwenye mashua kule Kigombe mwezi mzima bila kuona salpa hata mmoja.

Sasa nikuonyeshe jamaa yao ambaye mimi binafsi nampenda zaidi, na hukumwona, kwa sababu hakuna anayemwona. Anaitwa apendikularia. Mwili wake ni milimita chache tu na mkia, na notokodi ile ya Kowalevsky haiachi utotoni, anazeeka nayo. Kutoka ngozini anatoa kamasi yenye nyuzi za selulosi, kisha anaipuliza kwa kupigapiga mkia mpaka inakuwa nyumba, yeye akiwa katikati. Nyumba ina madirisha yenye nyavu za nje za kuzuia vitu vikubwa, na ndani zipo nyavu nyingine laini zinazonasa vitu vidogo kuliko hata anavyonasa salpa. Ina mlango wa dharura pia. Sijapata kuona fundi Tanga mjini aliyefunga hewa na maji nyumbani kwa mtu kwa ufundi ule. Na nyavu zikiziba, baada ya saa chache tu, mwenye nyumba anatoka, anaiacha ielee, na anapuliza nyingine iliyokuwa tayari imekunjwa juu ya ngozi yake. Katika maji ya joto anaweza kuhama mara kumi na zaidi kwa siku moja. Aina moja, Oikopleura dioica, inazaliwa, inazaa na kufa chini ya wiki moja.

Hebu zipige hesabu hizo nyumba. Katika mita moja ya ujazo wa maji wanaweza kuwemo mamia ya apendikularia, kila mmoja akitupa nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba imejaa chembe ambazo hakuwahi kuzila. Nyumba hizo zinanyauka na kushuka, zikiokota vumbi njiani. Kuna aina kubwa za kilindini, Bathochordaeus, zenye nyumba ya upana wa mita moja. Mwaka 2005 watafiti wa Ghuba ya Monterey walionyesha kwamba nyumba kuukuu za hao peke yao zinapeleka sakafuni sehemu kubwa ya chakula ambacho mitego ya kawaida ilikuwa haijakiona. Siku hizi zinapeleka na chembe za plastiki.

Huyo Bathochordaeus ana uhusiano na pwani yetu. Aliyempa jina ni Carl Chun, Mjerumani aliyeongoza safari ya meli Valdivia ya 1898 na 1899, safari ya kuchunguza vilindi kutoka Hamburg hadi karibu na barafu ya kusini na kurudi kupitia Bahari ya Hindi. Machi 1899 walitia nanga Dar es Salaam, wakaendelea kaskazini wakishusha nyavu mbele ya pwani hii hii. Reli ya Tanga wakati huo ilikuwa bado haijafika Korogwe. Hapa Mkumbara palikuwa pori, na nje ya Unguja mtu alikuwa akiteremsha wavu kwenye giza la mamia ya mita akitafuta vitu ambavyo wenyeji wake walikuwa hawajui kama vipo.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Wavu ndio uliotudanganya, miaka zaidi ya mia. Nyumba ya apendikularia ikigusa kitambaa cha wavu haivunjiki, inapotea. Kinachobaki ni kimnyama chenye mkia kama uzi, na mtu anayehesabu anaandika “apendikularia, 14”, basi. Salpa wanapasuka, mnyororo unakatika, na ukiwatia formalini wanasinyaa. Msafara Mkubwa wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, ule wa 1959 hadi 1965, uliamua meli zote zitumie wavu wa aina moja ili hesabu zilingane, tundu zake zikiwa theluthi moja ya milimita. Uamuzi mzuri kabisa kwa kopepoda. Apendikularia wengi walipita katikati ya matundu, na nyumba zao hazikuandikwa popote. J. H. Wickstead, aliyekuwa Zanzibar akipima planktoni wa maji yetu na baadaye kuandika kitabu cha mwaka 1965 kuhusu planktoni wa bahari za joto, alifanya kazi kubwa, na bado kazi yake ilianzia kwenye wavu kama ya kila mtu. Nilipokuwa kijana kazini, bwana mmoja aliyetusimamia alitaka “ute” wote uokotwe na kumwagwa kabla ya kupima ujazo wa sampuli, ati unaharibu takwimu. Tulitii. Ndoo ngapi za ute tulimwaga kwenye sinki, Mungu ndiye anayejua. Namba zikatoka safi, zimepigwa taipu, na ndani yake bahari nusu haimo.

Aliyebadili mambo ni aliyeacha wavu juu ya mashua akaingia mwenyewe majini. Miaka ya mwanzo ya 1970 kikundi cha wapiga mbizi vijana wa Marekani kilikwenda katikati ya mkondo wa Ghuba, maji yasiyo na sakafu ya kukanyaga, wakajifunga kwa kamba moja wasipotezane, wakaanza tu kutazama. Alice Alldredge, mmoja wao, mwaka 1972 alichapisha habari za zile nyumba zilizotupwa na nani anazila. Ikaonekana zinaliwa na kopepoda, na vifaranga vya samaki, na bakteria wanaoshindania kuta. Zamani walikuwa wakifundisha kwamba wanyama wa ute ni mwisho wa barabara, wanakula lakini hawaliwi. Si kweli. Vifaranga vya jodari walipopasuliwa matumbo katika Mlango wa Florida, walikutwa wamejaa apendikularia. Mchuzi wa jodari unaoupenda huenda ulianzia humo.

Wapo pia wanaowatumia bila adabu. Fronima ni mnyama wa jamii ya kamba, kichwa kikubwa, macho makubwa, kiwiliwili kinaonekana mpaka ndani. Anamkamata salpa, anamla nyama ya ndani yote, anabakiza pipa, anaingia humo, na kulisukuma baharini huku vitoto vyake vikiwa vimebandikwa ukutani. Nimewahi kuletewa mmoja hai kwenye chupa na mvuvi aliyedhani ni jini. Sikumcheka. Ungemwona jinsi anavyokugeukia na lile pipa lake, nawe ungesoma dua.

Pirosoma sitamweleza sana, ni koloni la mamia ya tunikata walioungana wakawa bomba lililozibwa upande mmoja, nalo likiguswa usiku linawaka buluu ya kijani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Waulize wavuvi wa dagaa wanaokaa na taa zao wakati wa giza. Usiwaulize kwa jina, wape umbo na mwanga, watakuambia wamemwona au hawajamwona.

Sasa utafanyaje. Wavu acha. Tafuta ndoo nyeupe na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ile ya jamu. Ngoja siku ambayo upepo umelala, mwisho wa kaskazi au wakati wa matlai, maji yakiwa yanajaa, uende na mtu mzima mwenye ngalawa, si peke yako na si ufukweni, maana ufukweni wanafika wamekufa. Izamishe chupa polepole mpaka maji yaingie yenyewe pamoja na mnyama. Usimshike kwa mkono, usimmwage kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Kitambaa cheusi nyuma ya chupa, tochi ya pembeni, na subira ya dakika kumi mpaka atulie. Salpa utamwona anavyobana na kulegea, na ukimpata wa mnyororo utaona kama wanabana pamoja au kila mmoja kwa wakati wake. Hilo liandike, usilitegemee kichwani. Kwa apendikularia, dondosha tone moja la wino mweusi uliokorogwa na maji ya bahari. Nyumba itaanza kujichora yenyewe, kwanza madirisha, halafu zile nyavu za ndani. Ikikosekana siku ya kwanza usikasirike, na usimwache mwenye ngalawa bila hela ya mafuta.

Ukipata kitu, nitumie picha ikiwa na rula pembeni. Nina marafiki bado kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja ambao watapenda kujua Mwambani pana nini na lini. Usiwapelekee za ufukweni.

Mama yako mwambie gunia la mahindi limepanda basi Jumatano, nimempa kondakta namba yake ya simu, naye awahi kulipokea maana mwaka jana lilipitiliza mpaka stendi likakaa siku mbili. Msalimie sana, na babu yako, na wote wanaoniulizia.

Ni mimi mjomba wako,
Mkumbara